Kuku wa Mkono Wangu

Harufu ya supu ya kuku ilinikuta juma lililopita nimekaa kwenye benchi la kliniki ya mifupa, upande wa Karavia, ikanibidi nitoke nje nikateme mate. Nilitema mara tatu kwenye maua ya wenyewe. Mlinzi aliniangalia vibaya, na haki alikuwa nayo.

Supu yenyewe haikuwa na kosa. Mwanamke mmoja alimletea mumewe chakula ndani ya termosi, akafungua kifuniko, mvuke ukatoka na kitunguu, na yale mafuta ya manjano yanayoelea juu. Watu wote pale walimeza mate. Mimi tu nilitema. Tangu utoto sili kuku, na nyumbani wamezoea kusema eti ni mambo ya tumbo.

Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu Nuru, aliyeanguka shuleni akavimba mkono. Kliniki ile unaingia tu, huandikiwi siku ya kurudi, huombwi barua. Walimpiga picha, wakaona ufa, wakaanza kumzungushia plasta, na jua lilikuwa halijafika katikati. Daktari, kijana mwenye mikono mizuri, alipokuwa anafinyanga ile plasta aliona mkono wangu wa kushoto, unavyopinda chini ya kiwiko kama ndizi.

"Kambo," akaniambia, maana huku kwetu bibi na babu wote ni kambo, "huu mukono nani alikuharibishia? Ni bale banganga ba zamani?"

Nikajibu kama nilivyojibu miaka yote, "Ee, ni bale banganga."

Akatikisa kichwa akacheka kidogo, tukarudi nyumbani. Lakini jibu lile lilinikaa kooni pamoja na harufu ya supu. Ndiyo maana naandika hapa kwenye daftari la Nuru, kurasa za nyuma. Sikusoma sana, niliachia darasa la tano. Sijui kama nitapanga maneno vizuri, na mambo mengine huenda nimeyasahau au nimeyatengeneza mwenyewe bila kujua. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Wewe unayesoma, nivumilie.

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga. Mji uliitwa Elisabethville kwenye karatasi, sisi watoto tuliuita Lubumbashi kama mto wake. Tuliishi Kamalondo. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa Maniema, Mwislamu. Alishona nguo katika duka la Mgiriki mmoja mjini. Mama alikufa nikiwa mdogo sana, nikalelewa na Shangazi Salima, dada yake baba, aliyeachwa na mumewe kwa sababu hakuzaa. Shangazi alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi wa kupika. Alinipenda. Nasema hivyo mapema, kwa sababu huko mbele nitasema mengine.

Mkono niliuvunja kwa ujinga wangu. Kwenye parsele yetu, kiwanja cha nyumba, palikuwa na mpapai, na juu kabisa papai moja limeiva, shangazi analingoja. Mpapai haupandwi, kila mtoto anajua, ndani ni mtupu kama bomba. Mimi nilikuwa na miaka tisa nikaona mimi ni mwepesi. Ulivunjika katikati, na mimi nikavunjika pamoja nao. Nakumbuka kwanza nilitazama papai, limepasuka mchangani, mbegu nyeusi zimetapakaa. Kisha nikatazama mkono, nikaona una kiwiko cha pili pasipo na kiwiko.

Baba siku hiyo alikuwepo. Alinipakia kwenye kinga, baisikeli yake, tukaenda lopitali, hospitali ya kampani ya migodi. Mlangoni wakauliza karta. Baba hakuwa mtu wa kampani, hakuwa na karta. Yule wa mlangoni hakututukana, alisikitika hata, lakini mlango ni mlango. Lopitali nyingine ilikuwa ng'ambo ya barieri, kizuizi cha njiani, na masoldati walikuwa wanarudisha watu. Basi tukageuza kinga. Kila jiwe la njia ile nalijua mpaka leo.

Jirani mmoja akasema, "Fundi, juu ya nini unazunguka na mutoto? Nenda kwa Mwambuyi."

Mwambuyi maana yake mama wa mapacha, kwa lugha ya watu wa Kasai. Jina lake jingine sikulijua. Aliishi avenyu ya tatu kutoka kwetu, mjane, na mapacha wake wawili wa kike wenye umri kama wangu. Baba alisita. Wakati ule kwenda kwa mtu wa Kasai lilikuwa jambo la kufikiri. Watu wa Kasai walikuwa wanasemwa vibaya, eti ndio adui wa ndani, na familia nyingi zilikuwa zimeshakimbilia kambini nje ya mji. Baba alikuwa na methali yake juu yao, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Lakini mimi nililia, akaenda.

Tulimkuta anakula. Alikuwa ameshika tonge la bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo mbele yake. Aliponiona alirudisha lile tonge kwenye sahani, akanawa mikono.

"Moyo wenu," akasalimu. "Ingieni."

Baba akaona haya. "Mama, maliza kwanza kula, sisi tutangoja."

"Fundi, mufupa haingoje muntu amalize kukula. Weka mutoto hapa."

Hakuuliza karta, hakuuliza kabila, hakuuliza tutampa nini. Ndivyo alivyokuwa, mlango wake haukuwa na saa. Lakini nisimfanye malaika, maana ninachokumbuka zaidi kuhusu siku ile ni kinyaa. Chumba kilinuka mafuta ya chatu, mafuta mazee ndani ya chungu cheusi, harufu kama ya samaki na ngozi iliyooza. Alitafuna majani na tumbako, akayatema yote juu ya mkono wangu, mate ya kijani na kahawia, yakachuruzika mpaka kwapani. Nikaona heri mkono ukae umevunjika. Kisha akafanya ishara ya msalaba, baba akasema bismillahi, na kati ya msalaba wake na bismillahi ya baba mfupa ukarudi mahali pake. Nilisikia ukirudi. Sitaandika ulivyosikika.

Akanifunga na vijiti vya mwanzi na kamba za gome. Kisha akamwambia baba, "Sasa mulete kuku."

Hapa inabidi nieleze, maana vijana hawajui. Mganga wa mifupa wa namna yake alikuwa na saa yake, na saa hiyo ilikuwa kuku. Wenye mgonjwa wanaleta kuku wa kwao. Mganga anamvunja mguu mbele ya mgonjwa, anamwunga vilevile, mafuta yaleyale, majani yaleyale, vijiti vidogo. Mgonjwa mwenyewe anamlisha kwa mkono wake mzima. Mfupa wa kuku unaonyesha mfupa wa mtu unavyokwenda.

"Kuku akikanyaga," alisema Mwambuyi, "miye nitafungua niangalie. Kuku akikimbia, tutakamata mufupa yake, tutasikia fundo. Fundo ikiwa nguvu, nitaongeza siku zangu miye mwenyewe, halafu tutatupa vijiti. Ni miye nitafungua. Hakuna mwingine. Na hii kuku hailiwe. Inarudi kwangu."

Na kweli parsele yake ilijaa kuku wazee, wanene, wengine wanachechemea kidogo. Hakuna aliyewahi kuliwa. Mmoja wa mapacha alinionyesha kwa kidole, kama mtu anayetaja ndugu zake. "Ile nyeusi ni muguu ya makanika. Ile ya madoa ni mukono ya mwalimu. Ile inalala pale ni paja ya mama moja wa Sakania, alishaka kuzaa batoto tatu tangu wakati ule." Mimi nilicheka nikasahau maumivu.

Kicheko kiliisha baba alipoleta kuku wetu, kahawia, shingo haina manyoya. Mwambuyi alimwambia maneno fulani kwa Kiluba, pole labda. Kisha akamvunja. Mguu ulilia kama njiti ya kiberiti. Nikatapika juu ya miguu yangu mwenyewe.

Tukarudi nyumbani wawili, mimi na kuku, wote tumefungwa vijiti, wote tunanuka. Ile harufu sina neno lake. Mchana wa joto mafuta yaliyeyuka yakapita chini ya kamba, nzi wakanifuata mimi, wakatoka kwangu wakaenda kwa kuku, wakarudi. Shangazi alinipa sahani yangu peke yangu. Wageni waliokuja kwa baba walikunja pua. Watoto wa avenyu waliimba, "Zaina ya chatu, Zaina ya chatu!" Nilimchukia kuku yule. Nilimpa mahindi na mkono mzima huku nimegeuza uso, naye alikula huku ananiangalia kwa jicho moja. Nafikiri yeye pia alinichukia, na angekuwa na sababu zaidi.

Mwambuyi alikuja kila baada ya siku mbili kuongeza mafuta. Alipita nyuma ya nyumba, si barabarani.

Kisha risasi zikaanza upande wa njia ya Luano. Siku ngapi, sina hakika. Mimi nasema tano, wengine wanasema nne. Hakuna aliyetoka. Baba alikwama mjini dukani. Mwambuyi hakuweza kuja. Shangazi na mimi tulilala chini ya meza, tukala unga uliobaki, kisha tukala mapapai mabichi ya ule mpapai ulioanguka, yamechemshwa na chumvi. Kisha hata hayo yakaisha.

Asubuhi moja niliamshwa na harufu nzuri. Nasema nzuri, kwa sababu nataka kusema kweli. Baada ya siku za njaa, kitunguu na mafuta ya kuku yanachemka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mate yalinijaa kinywani kabla sijafungua macho. Nikakaa. Kwenye kona pale kuku alipofungwa palikuwa na kamba tu.

Shangazi hakunitazama. "Kula, mutoto."

"Shangazi, ni kuku ya Mwambuyi?"

"Ni kuku ya baba yako, tulimununua siye. Kula. Mufupa inataka nguvu."

Nikala. Sikulazimishwa. Nilikula paja, nikala shingo ile isiyo na manyoya, nikanyonya mifupa. Kwenye mguu mmoja nyama ilikuwa imeshika ladha ya yale mafuta ya chatu, na niliisikia, kinyaa kikanipanda mpaka machoni, na bado nikameza. Shangazi alikula huku anatoa machozi, labda ni moshi wa makaa.

Risasi zilipotulia, kitu cha kwanza alichofanya ni kutoka kwenda kutafuta kuku mwingine. Alimpata kahawia, shingo haina manyoya. Sijui alitoa nini, kanga yake moja sikuiona tena. Akamfunga vijiti mguuni vilevile, akampaka mafuta yaliyobaki kwenye kikopo alichoacha Mwambuyi. Aliniambia, "Baba akiuliza, kuku iko ileile. Unasikia, Zaina? Wakijua nimekula kuku ya mukono yako, na mukono ikiharibika, baba yako atanifukuza. Niende kwa nani?"

Kuku mgeni yule hakuwa na ugonjwa wowote. Kesho yake alidonoa kamba, akatupa vijiti, akakimbia parsele nzima akifukuza mende. Na jioni hiyo baba akarudi kutoka mjini, mchafu, macho mekundu. Kitu cha kwanza alichoona ni kuku anakimbia.

"Alhamdulillahi!" baba akapiga makofi. "Salima, angalia! Kuku anakimbia! Mutoto amepona!"

Shangazi alifungua kinywa. Nililiona neno limefika kwenye meno. Kisha akasema, "Tungoje Mwambuyi mwenyewe."

"Atakuja namna gani? Bantu ba kwao hawatembei tena. Na hii harufu, Salima, hata sala inanishinda."

Akachukua makasi yake ya kazi, akakata kamba. Baba alikosa, maana aliambiwa hakuna mwingine wa kufungua. Lakini kuku alikuwa anakimbia, na nyumba ilinuka, na baba alikuwa amechoka. Nami nilifurahi! Nilioga mara mbili. Ngozi ilikuwa nyeupe na ina magamba kama ya nyoka, lakini mkono ulikuwa umenyooka. Nataka liandikwe hivyo: siku baba alipoufungua, ulikuwa umenyooka.

Siku ya pili nilibeba ndoo. Hakuna aliyenituma, nilitaka tu kujionyesha kwa wale wa "Zaina ya chatu." Katikati ya njia mkono ukaanza kupinda, polepole, bila sauti, kama mshumaa uliosahauliwa juani. Maji yakamwagika. Nilisimama nikiutazama.

Kwa muda mrefu nimejaribu kuelewa hasira ya baba ya siku ile. Alinipenda, hiyo ni sababu moja. Sababu nyingine niliiona nilipokuwa mkubwa. Sisi watu wa Maniema nasi tulikuwa wageni. Wakati ule mtu akipiga kelele sana juu ya mgeni mwingine, hakuna anayekumbuka kumuuliza yeye alitoka wapi. Baba alitoka barazani, akanishika mkono uliopinda, akauinua juu watu wauone.

"Angalieni! Angalieni vile ule mama wa Kasai alifanya mutoto yangu!"

Hakuhitaji kusema zaidi. Vijana wa avenyu walikuwa wanangoja tu mtu aseme. Nyuma yetu walikuwa ishirini, tulipofika kwa Mwambuyi walikuwa sijui wangapi. Baba mbele, mimi pembeni yake, shangazi nyuma amekumbatia yule kuku mgeni, maana mtu alisema, "Leteni na kuku, iwe shahidi!"

Mwambuyi akatoka, mapacha wamemshika nguo.

"Muchawi ya Kasai!" wakapiga kelele. "Unavunja mikono ya batoto!" Mwingine akasema, na watu wakacheka, "Munganga ya kuku, leo tutakuvunja weye, tuone kuku gani itakuunga!"

Alinijia mimi. Akapitisha vidole juu ya mkono wangu, taratibu, na uso wake ulikunjamana kama yeye ndiye anayeumia. "Nani alifungua?"

"Ni mimi," baba akasema. "Kuku ilikimbia. Ulisema kuku ikikimbia."

"Leta iyo kuku."

Shangazi akampa. Mwambuyi akamgeuza kichwa chini, akafinya mguu mmoja kwa kidole gumba, kutoka juu mpaka chini. Akafinya wa pili. Akarudia. Watu wakasogea kuangalia, maana alifanya kama fundi, bila haraka.

"Hii kuku," akasema, "haijavunjika hata siku moja. Mufupa ikiunga inaacha fundo. Hii iko laini. Kuja, fundi, shika weye mwenyewe."

Baba hakushika.

"Anajitetea!" mtu akasema.

Basi Mwambuyi akachuchumaa mbele yangu, macho yetu yakawa sawa. Alinuka yale mafuta. "Mutoto yangu. Weye njo ulimulisha. Sema. Kuku yako ni hii?"

Nilimtazama shangazi. Midomo yake ilikuwa imekauka, nyeupe. Nilitazama watu. Nilitazama na wale mapacha, ambao walikuwa wananijua, mmoja alikuwa amenionyesha kuku wote kwa majina. Sitaki kusema niliogopa tu. Niliogopa, kweli, lakini palikuwa na kitu kingine. Ile harufu ilinikaa puani, ya mafuta na ya mate yake, na nilitaka mwanamke huyu asinikaribie tena maisha yangu yote.

"Ndiyo," nikasema. "Ni hii."

Mwambuyi akasimama. "Aya," akasema. "Kama mutoto amesema."

Hawakumpiga. Nasema hivyo kwa haki, palikuwa na mzee mmoja, fundi wa viatu, aliyesimama mlangoni akasema atakayemgusa mama wa mapacha atamgusa yeye kwanza. Lakini walimwaga chungu cha mafuta mchangani, walichoma vijiti, na walisema kabla jua halijashuka awe ametoka. Alifunga mzigo mmoja. Wakati anapita mbele ya baba, mzigo kichwani, mapacha wameshikana mikono nyuma yake, alisimama.

"Fundi, ile mukono ingali mubichi. Inaweza kuvunjwa tena, inyooke. Muye kule kambini, muulize Mwambuyi, batawaonyesha. Hata saa ya kukula, muingie tu. Mulete kuku."

Mimi mtoto nilifikiri, tazama, hata sasa anataka kuku! Nikaona ni uroho. Nikamdharau, na dharau ilinisaidia, ilinipunguzia mzigo. Nilikwenda nyumbani nikiwa nayo kama sukari kinywani.

Alipopinda tu kona, waliingia kwenye parsele yake wakakamata kuku. Wote. Nilisikia wanavyolia, na watu wanavyocheka wanawakimbiza, kwa sababu kuku wazee wanaochechemea ni rahisi kukamata. Mguu wa makanika, mkono wa mwalimu, paja la mama wa Sakania. Jioni ile avenyu yetu yote, nyumba baada ya nyumba, ilinuka supu ya kuku. Unapita mlango huu, supu. Unapita ule, supu. Watu waliokuwa wameteseka na njaa, siwezi kuwalaumu kwa njaa. Lakini walikula wakicheka.

Na sisi walituletea fungu letu, sahani ya bati iliyofunikwa, kwa heshima, kwa sababu sisi ndio tuliokosewa.

Baba aliuliza swali moja tu kwa kijana aliyeileta. "Nani amechinja?"

"Muislamu, fundi. Usiogope."

Akaridhika, akakaa. Hakuuliza kuku wa nani. Aliuliza nani amechinja.

Akachukua mguu, akauma. Akatafuna mara moja, mara mbili, kisha akaacha. Akautoa kinywani, akaushika karibu na taa ya mafuta tuliyokuwa tumeiwasha punde. Katikati ya mfupa palikuwa na fundo, gumu, la mviringo, kama fundo la mwanzi. Baba alipitisha kidole gumba juu yake, kutoka juu mpaka chini, vilevile kama nilivyomwona Mwambuyi akifanya. Alirudia. Kisha akageuza kichwa, akamtazama yule kuku kahawia aliyekuwa amepanda juu ya gunia kulala, miguu yake miwili laini imejikunja. Akamtazama shangazi. Akanitazama mimi.

Nilingoja anipige. Nilitamani.

Baba aliweka mfupa kwenye sahani, akafuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa cha kazi, akatoka nje. Tulimsikia anatapika nyuma ya nyumba. Aliporudi hakusema neno juu ya kuku yule, si siku hiyo, si siku nyingine yoyote mpaka alipokufa. Shangazi hakufukuzwa. Kuku mgeni aliishi kwetu mpaka akafa mwenyewe, hakuna aliyemgusa. Na kambini hatukwenda. Haikuwa mbali, kwa kinga ni mwendo mdogo. Kila juma baba aliosha kinga, akaiegemeza ukutani, akakaa barazani. Mkono ukakauka ulivyo.

Miaka mingi baadaye, mambo yametulia, nilikutana sokoni na pacha mmoja. Alinitambua kwa mkono. Nilitaka kukimbia, naye akanisalimu vizuri tu. Aliniambia mama yao aliunga mifupa kule kambini mpaka walipoondoka kwenda Kasai, kila asubuhi watu kwenye mlango wa hema, hata wale waliowafukuza watu wake walimletea mikono yao iliyovunjika. Alikufa hukohuko Kasai. Sikumuuliza kama alinitaja. Sikuwa na haki ya kuuliza.

Lile neno lake, mulete kuku, nilikuja kulielewa pale sokoni, nimeshika kikapu, mimi tayari mama wa watoto. Hakuwa mlafi. Alikuwa na kuku parsele nzima, hajawahi kula hata mmoja. Alikuwa anasema, tuanze upya. Alijua nimesema uongo, na alijua tulimla yule wa kwanza, vidole vyake vilishamwambia. Na bado alitufungulia mlango saa ileile tuliyomfukuza. Mimi niliona kinyaa kwa mate yake na mafuta yake, na katika avenyu ile yote mikono yake ndiyo iliyokuwa safi.

Leo asubuhi nimemrudisha Nuru kliniki waangalie plasta. Hapakuwa na supu. Daktari alipomaliza nikamwambia, "Munganga, ile siku nilikudanganya. Huu mukono uliungwa muzuri. Siye njo tulikula kuku."

Hakuelewa, angewezaje. Nuru alinitazama kama mtu aliyeanza kuzeeka vibaya. Lakini kijana yule ana adabu. Aliuchukua mkono wangu, akapitisha vidole taratibu kutoka kiwiko mpaka kifundo, akasimama pale panapopinda.

"Kambo," akasema, "unajua hata leo huu mukono unaweza kuvunjwa tena, unyooke?"

"Najua," nikamwambia. "Niliambiwa siku ileile."